Kioo kipi kwa laptopu ya mpima ardhi: niti 300, niti 500 au OLED?

Swali la msomaji: Mimi ni mpima ardhi hapa Arua. Kazi yangu kubwa ni ramani za viwanja, na mara nyingi naitwa kwenye makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Bidi Bidi kupima maeneo ya visima na njia za ndani. Nimepata muuzaji Kampala mwenye laptopu tatu za ThinkPad P53 zilizotumika. Prosesa na kadi za picha ni zile zile, ila vioo vinatofautiana: ya kwanza ina FHD (pikseli 1920 kwa 1080) ya niti 300, niti zikiwa kipimo cha mwangaza, ya pili FHD ya niti 500, na ya tatu ina 4K (pikseli mara nne ya FHD) ya OLED ya kugusa, ambayo bei yake imezipita zile mbili kwa mbali. Natumia programu za ramani na michoro, QGIS na AutoCAD, nachakata picha za droni, na mara moja moja napeleka mabango ya ramani kuchapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala. Vijana wa ofisini wananihimiza nichukue 4K nisije nikajuta. Nifuate ushauri wao?

Ndugu mpima, chukua ile ya FHD yenye niti 500, na fedha utakayobaki nayo kwa kuiacha ile ya OLED uinunulie skrini ya mezani ya ofisini. Hilo ndilo jibu langu. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na namna ya kukikagua kioo chenyewe kabla hujalipa, kwa kuwa katika mashine iliyotumika maneno ya muuzaji na kioo kilichomo ndani si lazima yalingane.

Una haki ya kulitilia maanani jambo hili kuliko prosesa. Memori na diski unaweza kuziongeza baadaye kwa fundi yeyote mwenye bisibisi na mikono mitulivu, lakini kioo ni habari nyingine. Kubadilisha kioo cha FHD kwa kingine cha FHD hakuna shida kubwa; kutoka FHD kwenda 4K kwa kawaida hudai na kebo ya ndani pia, kwa sababu vioo vingi vya FHD vya kawaida hutumia soketi ya pini 30 na vile vya 4K hutumia ya pini 40. Kwa hiyo ukishanunua, hesabu kwamba umekubali kuishi na kioo hicho.

Vijana wako wameanza na wingi wa pikseli, kwa kuwa ndiyo tarakimu inayopigiwa debe kwenye matangazo. Mtu anayefanya kazi ndani ya ofisi yenye mapazia anaweza kuanzia hapo na asipate hasara. Wewe ambaye sehemu ya siku yako unaimalizia chini ya mwembe au juu ya boneti ya gari, anza na mwangaza, kisha rangi, kisha umeme, na pikseli ziwe za mwisho.

Niti moja ni mwangaza wa kandela moja kwa kila mita ya mraba ya kioo. Tarakimu hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uiweke kando ya mwanga wa mahali ulipo, na hapa ninaomba unifuate katika hesabu fupi. Kivuli cha wazi, mchana wa jua kali, hupata takriban luksi 10,000, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika mahali. Shati jeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaolipiga, hivyo ukiwa umekaa katika kivuli hicho shati lako lenyewe linang'aa kwa niti 2,500 hivi. Kioo laini kisicho na tabaka la kupunguza mng'ao hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya mwanga unaokifikia, kwa hiyo ile sura ya shati lako unayoiona ikielea juu ya ramani ina niti 100. Niti hizo 100 zinaongezeka kila mahali, juu ya weupe na juu ya weusi vilevile. Kioo cha niti 300, ambacho ofisini kina weusi mzito, hapo nje kinakupa 400 kwenye weupe na 100 kwenye weusi, yaani uwiano wa 4 kwa 1. Kile cha niti 500 kinakupa 600 kwa 100, yaani 6 kwa 1. Tofauti ya 4 na 6 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo tofauti ya kuusoma mstari wa kijivu wa mpaka wa kiwanja na kuubahatisha.

Hapo hapo ndipo OLED inapopoteza sifa yake kubwa. Kila pikseli ya OLED inajiwakia yenyewe na inaweza kuzimika kabisa, na ndiyo maana gizani weusi wake hauna mpinzani. Vioo vya kawaida vya IPS, ambavyo vina taa ya nyuma isiyozimika, huwa na uwiano wa 1,000 kwa 1 hivi. Lakini ukishamwagiwa niti 100 za shati, weusi wa OLED na weusi wa IPS ni kitu kimoja. Kinachobaki kushindaniwa ni nguvu ya weupe, na vioo vya OLED vya laptopu za wakati P53 ilipotoka, kwa kazi ya kawaida isiyo filamu, huishia karibu na niti 400. Ongeza kwamba hicho cha kugusa kina uso unaong'aa, ilhali FHD zote mbili zina uso wa ukungu unaosambaza mwanga badala ya kukurudishia sura kamili ya shati, mwembe na wingu lililo nyuma yako. Uso wa ukungu haufuti mwanga wa nje, ila unaugeuza kuwa weupe hafifu uliotandazwa, na macho huuvumilia kwa saa nyingi zaidi.

Juani kabisa, ambako luksi hufika 100,000, hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kitakachokufaa, na muuzaji akikuambia vinginevyo toka naye nje ya duka. Mashine zilizokusudiwa kazi hiyo, kama zile za Toughbook za Panasonic, huja na vioo vya niti 1,000 na zaidi, na bei na uzito wake vinalingana na sifa hiyo. Kwa laptopu ya kawaida dawa ni kivuli na shati la rangi nzito. Usicheke: shati la bluu iliyokoza linarudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaorudishwa na shati jeupe, na halihitaji betri. Kaa pia ukiwa umeelekea kwenye mwanga, mgongo wako ukiwa kwenye ukuta au shina nene, kwa sababu kioo huonyesha kilicho nyuma yako.

Ndani ya ofisi usitegemee kwamba niti 500 zitakushangaza. Jicho halihesabu mwangaza kwa kujumlisha, na chumba chenye mwanga wa kutosha kusomea karatasi kinataka kioo cha niti 120 hadi 150 tu. Faida ya kioo chenye akiba ni kwamba kinafanya kazi hiyo taa yake ikiwa imeshushwa sana, na kikizeeka na kupoteza sehemu ya mwangaza wake, kama taa zote hizi zinavyopoteza kwa kadiri ya saa zilizowaka, bado kitakuwa na cha kukupa. Kioo cha niti 300 kilichotumika miaka kadhaa kinaweza kuwa leo hakifiki 250.

Nije kwenye rangi. Kwenye vipimo vya laptopu utakuta maandishi kama "asilimia 45 NTSC" au "asilimia 72 NTSC". NTSC hapa ni eneo la rangi la televisheni ya Marekani la mwaka 1953, ambalo viwanda vya vioo vimeendelea kulitumia kama kipimo ingawa hakuna anayelifanyia kazi tena. Linalokuhusu wewe ni sRGB, eneo lililopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1999. Picha za kawaida za JPEG zinazotoka kwenye droni yako zimeandikwa katika eneo hilo. Kioo cha asilimia 72 NTSC kinakaribiana na sRGB yote. Kioo cha asilimia 45 NTSC kinaonyesha kama asilimia 60 tu ya sRGB, na zinazokosekana ni zile zilizoiva: wekundu unakuwa wa matofali, na kijani za mihogo, nyasi na vichaka zinasogeleana mpaka huwezi kuzitenganisha kwa macho kwenye picha ya angani. Kwa mtu anayechora mipaka ya matumizi ya ardhi kwa kutazama picha, hilo ni kosa la kazi.

FHD za P53, zote mbili, zilitoka kiwandani zikiwa katika daraja la asilimia 72, kwa hiyo kwa upande wa rangi hazipishani sana. OLED inakwenda mbali zaidi, hadi eneo la DCI-P3 linalotumika kwenye sinema, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Eneo pana la rangi lina faida pale tu programu inapojua kwamba kioo ni kipana na kuzitafsiri rangi ipasavyo. Programu za kuhariri picha hufanya hivyo. Programu nyingi za michoro na ramani huzitupa tarakimu za rangi kwenye kioo jinsi zilivyo. Matokeo yake ni barabara ya murram inayowaka kama imepakwa rangi ya mlango, na alama za ramani ulizozichagua kwa makini zikionekana kali kwako na zilizopooza kwa mteja mwenye kioo cha kawaida. Unaweza kuibana OLED irudi kwenye sRGB kwa mipangilio yake, lakini basi umelipia upana ili uufunge.

Kuhusu mabango ya Nasser Road, ni kweli kwamba wino wa samawati na baadhi ya kijani za uchapishaji huangukia nje ya sRGB, na Adobe ilitengeneza eneo lake la Adobe RGB mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Hata hivyo, tofauti kati ya mashine moja ya kuchapa na nyingine, na kati ya karatasi na turubai ya plastiki ya mabango, ni kubwa kuliko tofauti ambayo kioo cha bei kitakuondolea. Ninachokushauri ni hiki: tengeneza ukurasa mmoja wenye rangi zote unazozitumia kwenye funguo za ramani zako, kila mraba ukiandikwa tarakimu zake za CMYK (viwango vya wino nne za uchapishaji), kisha mwombe mchapishaji wako akuchapie ukurasa huo kwenye nyenzo ile ile anayoitumia kwa mabango yako. Utundike ukutani ofisini. Ukitaka kujua maji ya Mto Enyau yatatoka na bluu gani, tazama ukurasa huo, usitazame kioo chochote.

Umeme ni jambo ambalo vijana wa ofisini hawajakutajia, na kwetu sisi tunaozoea kufanya kazi kwa inveta si jambo la pembeni. Kioo cha 4K cha laptopu za kipindi hicho hula wati kadhaa zaidi ya kioo cha FHD kwa mwangaza ule ule. Betri ya P53 ikiwa mpya ina wati-saa 90. Tuseme kazi nyepesi ya ramani inakula wati 15 kwa jumla: unapata saa 6. Ongeza wati 5 za kioo na unabaki na saa 4 na nusu. Sasa chukua betri iliyotumika ambayo imebaki na asilimia 70 ya uwezo wake, na hesabu inashuka kuwa saa 4 na dakika chache kwa FHD, na saa 3 na kitu kwa 4K. Saa hiyo moja unaijua thamani yake ukiwa Yumbe, kule Bidi Bidi, na jenereta ya kambi imezimwa.

OLED ina tabia yake ya pekee katika ulaji wa umeme, nayo inafaa kuelezwa vizuri kwa mtu wa AutoCAD. Kwa kuwa kila pikseli inajiwakia, kioo hula kulingana na kilichomo ndani yake. Ukichora kwenye uwanja mweusi wa AutoCAD, kinakula kidogo sana, pengine chini ya FHD. Ukifungua ripoti ya kurasa nyeupe, au QGIS yenye karatasi nyeupe nyuma ya tabaka, kinakula kuliko vyote. Kioo cha IPS hakijali. Taa yake ya nyuma inawaka sawasawa iwe unachora usiku wa manane au unaandika barua. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba OLED inaokoa umeme na yule anayesema inaumaliza wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja akizungumzia kazi yake mwenyewe. Kazi yako, kwa maelezo uliyonipa, ni mchanganyiko ulioelemea upande wa weupe.

Kuna na suala la alama za kudumu. Pikseli za OLED huchakaa kwa kadiri zinavyowaka, na zinazowaka sana mahali pamoja huchakaa kabla ya jirani zake. Programu zetu ni adui mkubwa hapo: utepe wa vitufe wa AutoCAD hukaa juu ya kioo siku nzima bila kusogea, na upau wa chini wa Windows vivyo hivyo. Katika mashine mpya ungeweza kujilinda kwa kuuficha upau na kuzima kioo mapema. Katika mashine iliyotumika na mtu usiyemjua kwa miaka, uchakavu huo tayari umo ndani. Isitoshe, vioo vingi vya OLED vya wakati huo hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzimika haraka, zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Watu wengi hawaoni kitu, na wengine huishia na maumivu ya kichwa jioni bila kujua yametoka wapi.

Sasa pikseli zenyewe, ili nisionekane nimezikimbia. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyopishana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, dakika hiyo ni sawa na milimita 0.17. FHD ya inchi 15.6 ina pikseli 141 kwa inchi, na kila pikseli ina upana wa milimita 0.18. Maana yake ni kwamba FHD kwa ukubwa huo imesimama karibu kabisa na mpaka wa jicho, na 4K, yenye pikseli 282 kwa inchi, imeuvuka mara mbili. Si kwamba haionekani. Herufi za 4K ni laini zaidi, kwa kuwa jicho hung'amua kingo zenye meno kwa urahisi kuliko linavyotenganisha nukta. Anayesoma maandishi siku nzima ataifurahia. Lakini nafasi ya kazi haiongezeki kama watu wanavyodhani. Ukiiweka Windows ikuze vitu kwa asilimia 200, unarudi kwenye nafasi ile ile ya FHD, ila imechorwa kwa wembamba. Ukiikuza kidogo zaidi ya hapo unapoteza nafasi, na ukiipunguza unaanza kukunja macho. Programu za zamani, na wapima wengi bado wanazo mbili tatu za kupakua data kutoka kwenye vifaa vyao, aidha hutoa vitufe vidogo kama mtama au hukuzwa kwa ukungu.

Kuna mahali pamoja ambapo 4K inashinda hoja kihalali, napo ni kukagua picha za droni. Picha ya megapikseli 20 ikionyeshwa bila kupunguzwa, FHD inakuonyesha megapikseli 2 kwa mara moja na 4K inakuonyesha 8. Kama siku zako zinapita ukitafuta alama za kudhibiti kwenye mamia ya picha, hiyo ni nafuu ya kweli. Uchakataji wenyewe, kulinganisha picha na kujenga wingu la nukta (umbo la ardhi lililoundwa kwa nukta nyingi), haujui kama una kioo gani. Unachosubiri ni prosesa na kadi ya picha, na kadi hiyo hiyo ikilazimika kuzungusha wingu la nukta kwenye pikseli milioni 8.3 badala ya milioni 2.1 utaihisi ikichoka.

Nafuu hiyo, hata hivyo, unaweza kuipata kwa njia bora zaidi, na ndiyo sababu ya kukuambia ubakize fedha. Skrini ya mezani ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440 ina pikseli 109 kwa inchi, na ukiitumia bila kukuza chochote unapata nafasi ya kazi iliyozidi ya FHD kwa zaidi ya robo tatu, tena ikiwa mbele ya uso wako, si chini karibu na mikono. UltraSharp za Dell zilizotumika hupatikana Kampala, na nyingi kati yake zinashughulikia sRGB yote au karibu yote. P53 ina HDMI 2.0 na milango ya Thunderbolt 3, kwa hiyo hata ukiamua kuchukua skrini ya 4K ya mezani itaiendesha kwa picha 60 kwa sekunde. Angalia tu kwamba kebo na skrini yenyewe si za HDMI 1.4, ambayo kwa 4K huishia 30, na mshale wa kipanya unaanza kuburuzika. Iweke skrini hiyo dirisha likiwa ubavuni. Arua iko digrii 3 kaskazini ya ikweta, na jua lake huingia zaidi kwa madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni; dirisha la kaskazini au kusini ndilo rafiki yako.

Kioo cha kugusa sikushauri, kwa vumbi la kiangazi na vidole vya kazi. Maandishi ya HDR (picha za mwangaza na giza vilivyopanuliwa) yaliyobandikwa kwenye FHD ya niti 500 yapuuze. Hayana kazi kwenye ramani. Na kama bajeti ingekuwa ya mashine mpya zaidi ningekuelekeza kwenye zile za uwiano wa 16 kwa 10, zilizoanza kuenea kati ya mwaka 2020 na 2021, kwa sababu mistari 120 ya ziada ya 1920 kwa 1200 inatosha kumeza utepe mzima wa AutoCAD. Lakini hukuulizia hizo.

Ukaguzi sasa. Kabla ya kupanda basi la Kampala, tengeneza kwenye Paint picha sita za pikseli 1920 kwa 1080, kila moja rangi moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, na kijivu cha katikati. Ziweke kwenye flashi na kwenye simu yako pia. Dukani omba mashine ichomolewe kwenye umeme, na upandishe mwangaza hadi mwisho, kwa maana baadhi ya mashine hupunguza mwangaza zikiwa kwenye betri na unataka kuiona katika hali utakayoitumia. Kijivu kwanza. Hicho ndicho kinachofichua zaidi: madoa meupe yaliyotokana na laptopu kubanwa ndani ya mkoba, mawingu ya taa isiyolingana, na kwenye OLED kivuli cha utepe au cha upau wa chini. Kwenye nyeusi funika kioo kwa koti utazame kingo zinazovuja mwanga. Kidogo kwenye pembe ni kawaida ya IPS. Nyeupe itakuonyesha nukta nyeusi zisizowaka, na rangi tatu zitakuonyesha nukta zilizokwama. Nukta moja pembeni si sababu ya kuacha mashine nzuri, ila ni sababu ya kuomba bei ishuke.

Picha nyekundu ifungue kwenye laptopu na kwenye simu kwa pamoja, uziweke bega kwa bega. Simu nyingi za leo zinaonyesha sRGB yote au zaidi. Wekundu wa laptopu ukielekea kwenye rangi ya chungwa au ya tofali huku wa simu ukiwa wa damu, umekutana na kioo cha asilimia 45, na kioo hicho hakikutoka na P53. Jambo hili ni la kawaida kwenye maduka ya mitumba: kioo cha asili hupasuka safarini, fundi anaweka cha bei nafuu kinachoingia kwenye soketi ile ile, na karatasi ya maelezo mlangoni inabaki na sifa za kile kilichotupwa.

Uthibitisho uko ndani ya Windows yenyewe. Fungua Device Manager, chagua Monitors, ingia kwenye Properties, kisha Details, na hapo utafute Hardware Ids. Herufi tatu za mwanzo baada ya neno MONITOR humtaja mtengenezaji: AUO ni AU Optronics, BOE ni BOE, LGD ni LG Display, CMN ni Innolux, SDC ni Samsung, na kwenye ThinkPad nyingi hukaa LEN kwa kuwa Lenovo iliagiza kioo kwa jina lake. Kukosekana kwa LEN peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Programu ya bure ya HWiNFO ikikupa namba kamili ya kioo, itafute kwenye intaneti pale pale dukani, na utakuta niti zake na upana wake wa rangi. Kisha fungua na ufunge kifuniko polepole mara kadhaa ukitazama kama picha inacheza, kwani kebo iliyochoka kwenye bawaba hujidhihirisha hapo. Mwisho toka na mashine hadi kwenye kibaraza cha duka ukiwa na faili ya ramani yako mwenyewe, ile yenye mistari ya kijivu na maandishi madogo, na uisome ukiwa umesimama.

Ikitokea kwamba ile ya niti 500 imebadilishwa kioo, usiichukue kwa bei ya niti 500. Muulize muuzaji kama yuko tayari kuilinganisha na bei ya ile ya niti 300. Akikataa, chukua ile ya niti 300 mradi kioo chake ni cha asili na wekundu wake umesimama, kwa sababu upungufu wa mwangaza utaufidia kwa kivuli na shati, ilhali rangi zisizokuwepo hazifidiwi na chochote. Vyovyote utakavyoamua, namba ya kioo iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine, ili ukirudi na malalamiko ndani ya muda wa dhamana pasiwe na ubishi juu ya kioo ulichouziwa.